Ukienda Kazimierz Dolny, Anzia Mtoni

Ndugu mnaosoma au kufanya kazi Poland na mnaotafuta mji mdogo wa kutembelea, nawapendekezea Kazimierz Dolny, ulio ukingoni mwa Mto Vistula, magharibi ya Lublin. Wageni wengi hushuka basi, wakaenda moja kwa moja kwenye uwanja wa soko, wakapiga picha, wakanunua mkate wa umbo la jogoo ambao ni alama ya mji (kwa maoni yangu unapendeza machoni kuliko mdomoni), kisha wakaondoka. Mimi nashauri uanzie mtoni, kwa sababu ndiko zilikotoka fedha zilizojenga majumba ya sokoni.

Kandokando ya mto yamesalia maghala ya mawe, makubwa kupita kiasi kwa mji wa watu elfu chache tu. Katika karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, nafaka ya mashamba ya makabaila ilikusanywa humo, ikateremshwa kwa vyombo vya mtoni hadi bandari ya Gdańsk, na kutoka huko ikavushwa bahari kwenda Ulaya Magharibi. Ukishayaona maghala hayo, ndipo uende sokoni ukazitazame nyumba za ndugu wawili wa ukoo wa Przybyła, Mikołaj na Krzysztof, za mwaka 1615. Kila mmoja alichongewa ukutani mtakatifu wa jina lake, na Kristofa, aliyembeba mtoto Yesu begani, ni pandikizi la mtu linaloonekana tangu upande wa pili wa uwanja. Utajiri wa nafaka haukujua kujificha.

Vita vya Wasweden vya miaka ya 1650 viliuharibu mji, na baadaye, Poland ilipoanza kugawanywa na majirani zake mwaka 1772, biashara ya kuelekea Gdańsk ilizidi kudhoofika. Naamini umaskini uliofuata ndio ulioziokoa kuta hizo, maana fedha za kubomoa na kujenga upya hazikuwapo. Kati ya vita viwili vya dunia, Tadeusz Pruszkowski aliwaleta wanafunzi wake wa uchoraji kutoka Warsaw, na hadi leo mji umejaa wachoraji.

Hata hivyo, kama una nafasi ya kwenda mahali pamoja tu nje ya soko, nenda Czerniawy, penye makaburi ya zamani ya Wayahudi. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, karibu nusu ya wakazi walikuwa Wayahudi. Mwaka 1942 Wajerumani waliwahamisha kwenda kuuawa, na mawe ya makaburi yao yakang'olewa kutandaza sakafu za nje. Mwaka 1984 vipande vya mawe hayo vilikusanywa vikajengwa ukuta mrefu wenye ufa unaoukata kutoka juu hadi chini. Usiupite haraka: mishumaa iliyochongwa huashiria kaburi la mwanamke, na mikono miwili iliyoinuliwa kubariki huashiria mwanamume wa ukoo wa makuhani.

Epuka Jumamosi za kiangazi, kwani watu wa Warsaw hufurika. Vaa viatu vinavyoshika ardhi ukitaka kuingia Korzeniowy Dół, korongo ambalo mizizi ya miti imening'inia wazi kwenye kingo zake, kwa kuwa udongo wake laini huteleza mvua ikinyesha. Muda ukibaki, kivuko cha msimu wa joto kitakuvusha hadi ng'ambo, kwenye magofu ya ngome ya Janowiec.