Pijo 504 ya Marehemu Baba: Injini Ibaki au Itolewe?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yetu alituachia Peugeot 504 Familiale ya petroli, ile ya safu tatu za viti, ambayo imekaa bandani miaka mingi bila kuwashwa. Tungependa ibebe familia tena bila kupoteza sura yake. Fundi mmoja ametushauri tutoe injini tuweke ya Toyota, kisha tufunge taa za kisasa na kiyoyozi. Je, tumfuate, na tuanzie wapi? — Msomaji, Nakuru.

JIBU: Ndugu msomaji, poleni kwa kufiwa na mzazi. Nawasihi msiitoe injini hiyo. Katika 504, giaboksi na difu (gia za ekseli ya nyuma) zimeunganishwa kwa bomba gumu ambalo ndani yake hupita shafti, hivyo anayeweka injini na giaboksi ya gari jingine hulazimika kulikata bomba hilo na kubuni viungo vipya, kazi ambayo ni vigumu mno kuitengua baadaye. Isitoshe, injini ya asili iliundwa kwa namna inayoruhusu kufufuliwa: silinda zake ni slivu, yaani mabomba ya chuma yanayochomolewa na kubadilishwa, kwa hiyo hata zikiwa zimelika, bloku (mwili wa injini) haihitaji kuchongwa. Fundi akifungua silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini), asizungushe krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) kabla ya kuzibana slivu hizo zisisogee, kwa maana zikiinuka hata kidogo, sili zilizo chini yake huachia na maji ya rejeta huingia katika oili. Peugeot 504 ndiyo aliyoitumia Ove Andersson, dereva wa mbio za magari kutoka Sweden, kushinda Safari Rally mwaka 1975, na wazee wengi wa Bonde la Ufa waliosafiri katika teksi za Pijo wanaujua uimara wake.

Kuhusu pa kuanzia, anzeni na bodi. Gari hili halina chesisi ya peke yake. Nguvu zake zote zimo katika bodi, na kwa sababu hiyo kutu ya sakafuni, chini ya milango na ndani ya madgadi inadhoofisha gari zima, wala si suala la urembo. Bati lililooza likatwe na jipya lichomelewe. Fundi anayependekeza kufunika kutu kwa puti, muageni kwa heshima na mtafute mwingine.

Breki zifuate, kabla gari halijasogezwa hata hatua moja. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, nao huozesha mastasilinda (silinda kuu inayosukumwa na pedali ya breki) na silinda za magurudumu kwa ndani, ilhali mipira ya breki huvimba na kuziba. Badilisheni vyote hivyo. Tangi la petroli nalo litolewe na kusafishwa, na kabureta ifunguliwe. Kisha toeni plagi, tieni oili kidogo katika kila silinda, na mzungushe injini kwa mkono kabla ya kugusa swichi.

Sasa nije kwenye usasa, ambao siupingi hata kidogo ikiwa hauonekani na unaweza kuondolewa. Maboresho ninayoyapenda kuliko yote ni kuondoa pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi zitoe cheche) ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, na kuweka mfumo wa elektroniki unaoenea humo humo: gari huwaka kwa urahisi, na kwa nje hakuna kilichobadilika. Taa kuu msizibadilishe. Mara nyingi mwanga hufifia kwa sababu umeme hupita katika swichi na nyaya nyembamba zilizochakaa. Fundi umeme akifunga relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na kuzipa taa umeme kutoka kwenye betri moja kwa moja, kupitia fyuzi, mtashangaa. Balbu za LED katika taa za zamani zinaweza kutawanya mwanga na kuwapofusha wanaokuja mbele. Kwa kuwa mtabeba watoto, wekeni mikanda ya usalama inayojivuta yenyewe, lakini fundi afunge kwenye sehemu imara ya bodi, asitoboe bati tupu.

Kiyoyozi kisubiri. Kompresa huiongezea injini mzigo na joto, basi rejeta izibuliwe kwanza na maji matupu yabadilishwe kwa kipozeo chenye dawa ya kuzuia kutu, kwani silinda hedi ni ya alumini na huliwa upesi. Gari likipanda milima bila kuchemka, hapo mzungumzie kiyoyozi.

Kila kifaa cha asili kitakachotolewa, hata skrubu, kitieni katika mfuko, mwandike kilikotoka na mkihifadhi nyumbani wala si gereji.