Kwa nini wavamizi wa Space Invaders huongeza kasi wakibaki wachache

Mkuu, umeuliza kama kasi ile ya wavamizi kwenye Space Invaders, gemu la kuwapiga risasi wavamizi wa kutoka angani, iliwekwa makusudi kutukomesha. Hapana, chanzo chake ni mashine yenyewe. Tomohiro Nishikado alilitengeneza gemu hilo Japani kwa kampuni ya Taito, likatoka mwaka 1978, na prosesa yake (ubongo wa mashine), Intel 8080, haikumudu kuwasogeza wavamizi wote kwa mpigo. Wako 55, safu 5 za 11. Skrini huchorwa upya takriban mara 60 kwa sekunde, na kila mara anasogezwa mmoja tu! Kwa hiyo kikosi kizima kinakula karibu sekunde nzima kupiga hatua moja. Ukishawapunguza wakabaki 10, zamu zinafika haraka, na yule wa mwisho hana wa kumsubiri, ndiyo maana anakatiza skrini kama mshale.

Nishikado aliliona hilo akaliacha makusudi, na hapo namvulia kofia kabisa. Hata ule mdundo wa noti nne unakwenda mbio kadiri unavyowamaliza. Ukicheza tena, watazame vizuri raundi inapoanza: safu ya chini inatangulia kusogea, za juu zinafuata baadaye.