Wasomaji Wanauliza: Maswali ya "Ingekuwaje Kama" Katika Kikundi cha Kijapani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaongoza kikundi kidogo cha watu wazima wanaojifunza Kijapani. Tunakutana mara moja kwa wiki, na miongoni mwetu wapo Wajapani wawili wanaotusaidia. Kila tunapoanza mazungumzo huwa ninauliza "Shūmatsu wa nani o shimashita ka", yaani mwisho wa wiki mlifanya nini, na kila mmoja hujibu kwamba alipumzika nyumbani, kisha kimya kinatanda. Mwenzangu mmoja amependekeza tuulize maswali ya kubuni, kwa mfano mtu angefanya nini lau angekuwa haonekani. Wengine wanasema huo ni mchezo wa watoto na kwamba wanaoanza hawataumudu. Je, njia hiyo ina faida yoyote katika kujifunza lugha, na kama inayo, tuulize maswali gani?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako amesema kweli, na ningependa umsikilize kabla kimya hicho hakijawa desturi ya kikundi. Swali lako la mwisho wa wiki halina kosa la kisarufi. Udhaifu wake ni kwamba aliyepumzika nyumbani hana la kuongeza, na aliyepatwa na jambo kubwa huenda hataki kulieleza mbele ya watu asiowazoea. Swali la kubuni huondoa vizuizi hivyo viwili kwa pamoja, kwa kuwa hakuna anayeulizwa habari za maisha yake, wala hakuna aliyewahi kutoonekana hata awe na jibu bora kuliko la mwenzake. Mwanafunzi wa miezi sita, yule wa miaka sita na hao Wajapani wawili wanaingia katika swali hilo wakiwa sawa, jambo ambalo ni adimu sana panapofundishwa lugha.

Ipo pia sababu ya kisarufi, nayo kwangu ndiyo nzito zaidi. Kijapani kina njia nne kuu za kutaja sharti, nazo ni to, ba, tara na nara, na mwanafunzi anaweza kuzikariri zote kutoka kitabuni bila kuwahi kuitamka hata moja kwa haja yake mwenyewe, kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida ni rahisi kuzikwepa. Mtihani wa JLPT, yaani mtihani wa kimataifa wa kupima uwezo wa Kijapani, ulioanza mwaka 1984 na ambao tangu 2010 una ngazi 5 kutoka N5 ya wanaoanza hadi N1 ya juu kabisa, hupima msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza, lakini hauna sehemu ya kuzungumza. Kwa hiyo mtu anaweza kufaulu ngazi ya juu huku ulimi wake haujazoea maumbo hayo. Ukimwuliza "Moshi tōmei ningen ni nattara, nani o shimasu ka", ukigeuka mtu asiyeonekana utafanya nini, hana pa kupitia isipokuwa katika sharti lenyewe.

Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna bahati hapa. Umbo la tara hupatikana kwa kuongeza ra kwenye kitenzi cha wakati uliopita, hivyo tabeta, alikula, huwa tabetara, akila. Umbo hilo hubeba maana mbili zilezile zinazobebwa na -ki- yetu. "Uchi ni kaettara, denwa shimasu" ni "nikifika nyumbani nitapiga simu", na katika lugha zote mbili msikilizaji ndiye anayepima kutokana na muktadha kama kufika huko ni jambo la hakika au la kudhania. Neno moshi likitangulia huondoa utata huo, maana humtahadharisha msikilizaji tangu mwanzo kwamba tunadhania tu. (Neno hilo si lile la "moshi moshi" linalosemwa kwenye simu, ambalo limetokana na kitenzi cha kunena, na bila shaka halihusiani na moshi wa moto, ingawa mfanano huo umewasaidia wanafunzi wengi wa Kiswahili kulikumbuka.)

Tunapoachana na Kijapani ni kwenye -nge- na -ngali-. Kiswahili huonyesha ndani ya kitenzi chenyewe kwamba jambo halipo au kwamba nafasi imekwisha kupita, na masikio yetu yamezoea kulisikia hilo mapema. Kijapani hakina kiambishi cha peke yake kwa kazi hiyo. Tara ileile hutumika, na dalili ya kwamba jambo haliwezekani, au kwamba msemaji anajuta, hungoja mwisho wa sentensi, mara nyingi kwa neno noni. "Tori dattara, tonde iku noni", ningekuwa ndege ningeruka nikaenda. "Motto hayaku okite itara, ma ni atta noni", ningaliamka mapema zaidi ningaliwahi. Anayetafsiri kichwani huitafuta -nge- katikati ya sentensi, asiione, akadhani ameelewa vibaya. Sijaona zoezi la kitabuni linaloiponya tabia hiyo kama inavyoponywa na mtu aliye mbele yako, anayekueleza kwa shauku kile ambacho angefanya, nawe ukalazimika kusubiri neno lake la mwisho ili ujue kama anapanga au anatamani.

Wanaosema ni mchezo wa watoto wangetazama jibu badala ya swali. Mtu mzima akishasema angefanya nini, huulizwa "Naze desu ka", kwa nini, na hapo huhitaji kara ya kutoa sababu, to omoimasu ya kusema "nadhani", na kamoshiremasen ya kusema "huenda". Hiyo ndiyo lugha ya watu wazima wa Kijapani, ambao hupunguza makali ya kauli zao kwa maneno kama hayo katika mambo mengi ya kila siku. Swali lenye jibu la hakika halimpi mwanafunzi nafasi ya kuyatumia.

Hata hivyo, si kila swali la kubuni linafaa. Lile la kushinda bahati nasibu, "Takarakuji ga atattara", hupendwa na waandishi wa vitabu vya masomo, lakini lina uwanja mpana mno: mmoja atanunua nyumba, wa pili atasafiri, wa tatu atanunua nyumba kisha asafiri, na mazungumzo yanakwisha. Swali zuri humbana mjibu, likamlazimisha kuacha kitu ili apate kingine. "Mujintō ni hitotsu dake motte iku to shitara, nani o motte ikimasu ka", tuseme unakwenda kisiwa kisicho na watu na unaruhusiwa kitu kimoja tu, utachukua nini? Wengi watasema sumaho, yaani simu ya kisasa. Usiliache jibu hilo lipite. Mwambie "Demo, denki ga nai desu yo", lakini umeme haupo, kisha mwache afikiri.

Swali ninalolipenda kuliko yote linahusu lugha yenyewe: "Moshi ashita, kanji ga zenbu nakunattara, dō shimasu ka", kanji zote, yaani zile herufi zenye asili ya Kichina, zikitoweka kesho utafanya nini? Wanaoanza hushangilia, na wana sababu, maana orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina herufi 2,136 tangu ilipopanuliwa mwaka 2010. Lakini mwambie mmoja wao aandike kwa hiragana peke yake, yaani herufi za silabi, sentensi "Niwa ni wa niwa niwatori ga iru", bustanini wamo kuku wawili, kisha mwenzake aisome. Kwa kuwa Kijapani hakiachi nafasi kati ya maneno, atakutana na niwa niwa niwa niwa bila kujua bustani iko wapi, idadi iko wapi na kuku wenyewe wanaanzia wapi. Mwingine atakumbuka hashi, ambayo ni daraja, ni vijiti vya kulia chakula, na ni ukingo, nazo zote zikiandikwa kwa hiragana zinafanana. Hapo waliokuwa wakishangilia huanza kusitasita, na mjadala unakuwa wa kweli.

Nao ni mjadala ambao Wajapani wenyewe wamewahi kuwa nao. Maejima Hisoka, ambaye baadaye alianzisha huduma ya posta ya kisasa nchini humo mwaka 1871, alimwandikia shoguni, mtawala wa kijeshi wa wakati huo, mwaka 1866 akipendekeza kanji ziachwe ili elimu iwafikie watu wengi zaidi. Mwaka 1946 serikali ilitoa orodha ya herufi 1,850 tu kwa matumizi ya kila siku, na orodha hiyo ikabadilishwa mwaka 1981 kwa nyingine ya herufi 1,945. Wajapani wenu wawili walitumia miaka yao ya shule kuandika herufi hizo tena na tena, na ukiwauliza swali hili nadhani watakuwa na la kusema ambalo hawajawahi kuulizwa kikundini.

Kuhusu wanaoanza, tara kwa kawaida huja mwanafunzi anapoelekea ngazi ya N4, lakini kubuni hakuhitaji kungoja umbo hilo. "Inu to neko, dochira ni naritai desu ka", kati ya mbwa na paka ungependa kuwa yupi, ni swali la kubuni lisilo na sharti lolote, na jibu lake, "Neko ni naritai desu", limo katika uwezo wa mtu wa N5. Wakati wenzao waliotangulia wanajibu maswali marefu, wape wanaoanza kazi ya aizuchi, yale maneno mafupi ya kuitikia kama "sō desu ka" na "naruhodo". Neno aizuchi linatokana na kazi ya wahunzi wawili wanaopokezana nyundo juu ya chuma kimoja, na msemaji wa Kijapani asiyeitikiwa hudhani kwamba hasikilizwi. Mwanafunzi anayeitikia kwa wakati unaofaa yumo ndani ya mazungumzo, hata kama hajatoa sentensi nzima.

Nakuomba jambo moja la tahadhari. Usiulize mtu angefanya nini tetemeko kubwa likitokea sasa hivi kana kwamba ni swali la kuchangamsha. Baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, swali hilo kwa Mjapani linaweza kuwa kumbukumbu ya watu aliowapoteza. Lina mahali pake, katika siku mliyoitenga kwa ajili hiyo, na wageni wenu wakiwa wameridhia.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi katika kikundi cha namna hiyo. Nikijibu maswali ya kubuni, kiongozi wetu hunikatiza kila ninapokosea sharti, hadi ninasahau nilichotaka kusema. Juzi nilisema "Takarakuji ga ataru to, ie o kaimasu" nikasimamishwa kwa dakika kadhaa. Nilikosea nini, na je, ni lazima nikatizwe?

JIBU: Ulikosea kuchagua to. Umbo hilo ni la mambo yanayofuatana yenyewe, kama "Haru ni naru to, sakura ga sakimasu", majira ya kuchipua yakifika maua ya sakura huchanua, na baada yake hakuwezi kuja nia, ombi wala amri ya msemaji. Kununua nyumba ni nia yako, kwa hiyo ungesema "Atattara, ie o kaitai desu". Nara nayo ina mahali pengine: hupokea kile alichokwisha kusema mwenzako, kama anapokueleza kwamba anapanga kwenda Japani nawe ukamjibu "Nihon e iku nara, haru ga ii desu yo", ikiwa unakwenda Japani, majira ya kuchipua ni mazuri.

Si lazima ukatizwe. Kiongozi wenu angeweza kukujibu kwa sentensi iliyonyooka, "Ā, atattara ie o kaitai n desu ne. Donna ie desu ka", kumbe ukishinda ungependa kununua nyumba, nyumba ya namna gani? Ungelisikia umbo sahihi, ungejua kwamba umeeleweka, na ungekuwa tayari unaifikiria hiyo nyumba. Makosa yanayojirudia angeyaandika pembeni, akayaeleza kwa wote katika dakika 10 za mwisho bila kutaja nani aliyakosea. Mwonyeshe ukurasa huu kwa heshima, na umwombe wajaribu hivyo kwa mkutano mmoja.