Kwa wanaoanza kujifunza mwendo wa kikwanta katika mawasiliano ya siri

Kabla hujasoma itifaki yoyote, yaani utaratibu wa hatua za mawasiliano, chukua kalamu na karatasi ukokotoe mwenyewe hatua tatu za mwendo wa kikwanta juu ya mstari, ambapo chembe husogea kushoto au kulia kwa kufuata sarafu ya kikwanta; tumia sarafu ya Hadamard, inayogawa pande mbili sawasawa, ukianza na sarafu ikiwa upande mmoja tu. Katika hatua mbili za kwanza matokeo hayatofautiani na ya mtu anayerusha shilingi na kusogea kushoto au kulia. Ni katika hatua ya tatu ndipo nafasi moja ya katikati inapopata uwezekano wa 5/8, na nyingine tatu kubaki na 1/8 kila moja. Tofauti hiyo huletwa na amplitudi (namba ambazo miraba ya ukubwa wake hutoa uwezekano) zinazojumlishana mahali pamoja na kufutana mahali pengine, na hakuna maelezo ya maneno matupu yanayoweza kuchukua nafasi ya kuiona ikitokea katika hesabu yako mwenyewe.

Wengi hudhani kwamba kutawanyika kwa kasi kwa mwendo huu ndiko kunakoficha ujumbe. Sivyo. Kila hatua ya mwendo huu inaweza kurudishwa nyuma, hivyo anayejua sarafu, njia na idadi ya hatua ataurudisha ulikoanzia. Usalama unatoka kwingine: katika itifaki ya usambazaji wa funguo (namba za siri za kufungia ujumbe) iliyochapishwa na Chrysoula Vlachou na wenzake mwaka 2018, mtumaji huchagua kwa bahati nasibu ama kutuma hali ya awali kama ilivyo, ama kuipitisha kwanza kwenye mwendo, na mdukuzi asiyejua lipi limechaguliwa hawezi kupima bila kuacha makosa yanayoonekana.

Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba BB84, itifaki ya usambazaji wa funguo ya Bennett na Brassard ya mwaka 1984 inayotegemea wazo hilohilo la uchaguzi wa bahati nasibu, isomwe kwanza hadi uweze kueleza kwa nini mdukuzi anayepima kila fotoni (chembe ya mwanga) na kutuma nyingine badala yake husababisha makosa ya 25% katika funguo zilizochujwa, yaani biti zinazobaki baada ya kutupa zile ambazo mtumaji na mpokeaji walitumia vipimo tofauti.

Jihadharini pia na makala zinazotumia hesabu za mwendo wa kikwanta kusimba picha ndani ya kompyuta ya kawaida. Kazi hizo zaweza kuwa na manufaa yake, lakini hakuna fotoni iliyosafiri humo, wala dhamana ya fizikia haipo.

Mwisho, msiruke sehemu inayohusu uthibitishaji wa njia ya wazi ambayo mtumaji na mpokeaji hulinganishia chaguo zao, kwa kuwa bila huo mdukuzi anaweza kujifanya mpokeaji kwa mmoja na mtumaji kwa mwingine, akajenga funguo mbili halali bila kosa hata moja kuonekana.