Mdogo wako anaona kidogo na anataka kucheza goalball? Mwache aanze

Dada pole na hongera pia. Umeuliza kama mdogo wako anayeona kidogo sana anaweza kuja kuchezea timu ya taifa ya goalball, ule mchezo wa wasioona wa kurusha mpira wenye kengele golini na kuuzuia kwa kuusikiliza, au ni mpaka uwe kipofu kabisa. Anaweza, uoni hafifu unaruhusiwa ila lazima apimwe macho apangiwe daraja kulingana na anavyoona, B1 (haoni kabisa au karibu haoni), B2 au B3 (anaona zaidi kidogo), na uwanjani wote wanazibwa macho kwahiyo anayeona kidogo hana faida yoyote, na ukigusa kile kiziba macho bila ruhusa ya refa ni penalti hapohapo.

Sasa msimwanzishie kwenye kurusha mpira, kila mtu anakimbilia kurusha. Aanze kujua uwanja kwa vidole, mistari yake ina uzi chini ya tepu, anaipapasa anajua yuko wapi golini, maana goli lina upana wa mita 9 na wanalilinda watu watatu tu. Halafu ajifunze kulala ubavu kuzuia mpira, mpira wenyewe una uzito wa kilo 1.25, unauma jamani! Mnunulieni pedi za magoti na viwiko mapema.

Mtafutie mechi za wanawake wa Uturuki asikilize, wale wamebeba dhahabu ya Paralimpiki Rio 2016, Tokyo na Paris 2024, yule mchezaji wao Sevda Altunoluk anarusha balaa. Na nyumbani mkifanya mazoezi zimeni redio, watoto wanyamaze, bila ukimya hasikii kengele na hajifunzi kitu.