Serikali inatutambua kama mume na mke, mbona kanisa linatuzuia Meza ya Bwana?

Swali: Mchungaji, nimeishi na baba watoto wangu miaka saba bila kufunga ndoa. Mwanasheria ameniambia kuwa hapa Tanzania ukipita miaka miwili, sheria inawahesabu kuwa wanandoa. Mbona usharika bado unatuzuia kushiriki Chakula cha Bwana?

Jibu: Dada mpendwa katika Kristo, mwanasheria amekupa nusu ya habari. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mume na mke, mahakama itachukulia kuwa walioana. Hiyo ni dhana, nayo hupingwa kwa ushahidi. Ikithibitika kwamba mwenzako ana ndoa hai ya mke mmoja mahali pengine, dhana inaanguka, ingawa bado unaweza kuiomba mahakama matunzo yako na ya watoto.

Kifungu hicho ni kinga kwa mwanamke anayeachwa mikono mitupu, na Mkristo hana sababu ya kukibeza. Kumlinda mnyonge ni kazi halali ya serikali. Ila kinatazama mlivyoishi. Hakiwaulizi kama mliahidiana jambo lolote, na ndoa ya Kikristo inasimama juu ya ahadi: kuacha wazazi na kuambatana (Mwanzo 2:24), kuunganishwa na Mungu (Marko 10:9). Kwa mwanamke Msamaria, Yesu alitaja waziwazi kuwa aliye naye si mume wake (Yohana 4:18), na wala hakumfukuza.

Njia ya kutengeneza ni fupi kuliko mnavyodhani. Nendeni wote wawili kwa mchungaji na vyeti vya ubatizo. Sheria inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla. Makanisa mengi hutangaza Jumapili tatu ndani ya muda huo. Siku yenyewe wanahitajika mfungishaji mwenye leseni, mashahidi wawili, na ridhaa yenu kwa hiari. Mahari isiyokamilika haibatilishi ndoa, kifungu cha 41 kiko wazi. Kwa hiyo mjomba anayedai ng'ombe waliobaki azungumzwe naye kwa heshima, lakini hana uwezo wa kuzuia.

Wengi hukwama kwenye sherehe. Wanasubiri kamati na michango, miaka inapita. Ndoa inaweza kufungwa katika ibada ya kawaida, na watu wakanywa chai.

Mkifunga bomani, kwa serikali imetosha. Makanisa mengi ya Kiprotestanti yataibariki. Kwa Wakatoliki, Mkatoliki anapaswa kuoa mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili, vinginevyo awe na ruhusa ya askofu.

Mwenzako akikataa, usivunje nyumba kwa hasira. Nenda peke yako kwa mchungaji, aone kama anaweza kuzungumza naye.