Jibu: Sarufi sawa, lakini barua "si rasmi"?

Ndugu, umeuliza kwa nini umeambiwa barua yako ya Kiingereza ya kuomba kazi "si rasmi" wakati sarufi yake haina kosa. Sarufi ni jambo moja, rejista, yaani mtindo wa lugha unaolingana na mtu na mahali, ni jambo jingine. Sentensi inaweza kunyooka kabisa na bado ikakosa mahali pake.

Chukua ombi dogo. Rafiki unamwambia "Send me the file." Mwenzako wa kazini, "Could you send me the file?" Usiyemjua, "I would be grateful if you could send me the file." Haja ni ileile, kilichobadilika ni umbali kati yenu. Kwa kuwa "you" humtaja kila mtu, mkubwa kwa mdogo, heshima hubebwa na "could" na "would".

Msamiati nao una ngazi. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala. Ndiyo maana "begin", neno la Kiingereza cha asili, ni ya kila siku, na "commence", iliyotoka Kifaransa, ina harufu ya ofisi, ingawa zote mbili maana yake ni "anza". Ila tafadhali usiyarundike maneno mazito. Barua ya namna hiyo inachosha, na msomaji anaona unajikakamua.

Kwa barua yako, "I'm" na "can't" ziandike kwa ukamilifu, "a lot of" iwe "many" au "much", na alama za mshangao zitoke zote. Ukipenda, weka aya ya kwanza hapa tuipitie pamoja.